Springi za Gari la Keki

Keki ilivunjikia kwenye tuta la mbele ya shule ya chekechea. Mwoka keki alilijua tuta hilo kama anavyoujua mlango wa jikoni kwake, kwa hiyo alilikaribia kwa mwendo wa mtu anayenyatia kuku, akakanyaga breki, akabana pumzi. Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka. Alipodhani mambo yamekwisha, sehemu ya nyuma ya gari ikadondoka kwa kishindo, gudum! Ikarushwa juu, ikadondoka tena, na nyuma ya kiti chake akasikia sauti laini ambayo hakuna mwoka keki anayetaka kuisikia maishani mwake: fyuu. Ghorofa ya juu ya keki ilikuwa imeteleza na kuegemea bega la ghorofa ya kati, kama mlevi aliyempata rafiki.

Watu walimwita Sukari, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi cha heshima na mikono mikubwa ambayo, ajabu, iliweza kufinyanga ua la sukari dogo kuliko kucha ya mtoto. Siku hiyo alifika ukumbini akaomba kisu, maji ya moto na chumba chenye mlango wa kufunga. Alipotoka chumbani, keki ya ghorofa tatu ilikuwa imegeuka ya ghorofa mbili zenye maua mengi kupita kiasi. Bi harusi, matroni wa hospitali asiyetikisika kwa mambo madogo, aliitazama keki, akamtazama Sukari.

"Niliagiza keki," akasema. "Umeniletea bustani."

Wageni wakaangua kicheko, wakapiga makofi, yakaisha. Lakini kwa Sukari hayakuisha. Alirudi nyumbani amenywea kama keki iliyotolewa kwenye oveni kabla ya wakati wake.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijerumani, refu, la kijivu, lenye nafasi nyuma ya kulaza meza nzima. Alilinunua kwa daktari wa meno aliyekuwa anahama nchi, naye daktari alilinunua kwa mtu mwingine, na mtu huyo mwingine Mungu ndiye anayemjua. Mtaani lilijulikana kwa jina moja tu, Mjerumani. Injini yake ilinguruma kama paka aliyeshiba. Ukifunga mlango ulilia "tup", sauti ya kabati la watu wenye uwezo. Tatizo lake lilikuwa miguu. Mbele liligongagonga kama debe la misumari, nyuma lilikaa upande mmoja kama mtu aliyekalia pochi.

Kesho yake Sukari alilipeleka gereji. Fundi alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, lakini siku hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta. Alikuwa ameuvunja akidaka penalti kwenye mechi ya maveterani. Kwa mkono uliobaki aliikandamiza kona ya nyuma ya Mjerumani, akaiachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena, likashuka.

"Unaona? Gari lenye shokapu nzima ukilibonyeza linapanda mara moja na kutulia. Lako linacheza muziki."

Akamwinamisha Sukari chini ya gari, akamwonyesha. Shokapu, yale mabomba yanayozuia gari lisirukeruke, zilikuwa zimevuja mafuta hadi zimekauka. Bushi, raba zinazokaa kwenye maungio ya vyuma, zilikuwa zimepasuka kama kisigino cha mtembea peku. Na springi moja ya nyuma ilikuwa imekatika ncha, ndiyo maana gari lilikaa kihasara hasara.

"Basi nibadilishie zote," Sukari akasema.

"Kwa mkono upi? Na vijana wangu wako kwenye malori ya watu. Njoo mwezi ujao."

Mwezi ujao! Sukari alikuwa ameshapokea oda ya keki ya ghorofa tano, ya harusi itakayofanyika kwenye hoteli ya kilimani, na barabara ya kwenda huko ilikuwa na mashimo ya kufugia samaki. Fundi alimwangalia, akamwonea huruma.

"Sikiliza. Kazi hii si ngumu. Kilicho kigumu ni kufungua bolti zilizoshika kutu, na hapo anayetakiwa ni mvumilivu. Wewe unaweza kukaa siku nzima ukipanga majani ya sukari. Jifanyie mwenyewe. Ukikwama, nipigie." Akamwazima stendi za kushikilia gari na chombo cha kubania springi, vijiti viwili vyenye kulabu. "Ila hiki ukiheshimu. Springi iliyobanwa ni bunduki yenye risasi. Usiweke uso wako mbele yake hata kama ina jambo la kukunong'oneza."

Basi Sukari akarudi nyumbani akiwa fundi wa magari, bila kuulizwa kama yuko tayari.

Hapo ndipo lilipoanza tatizo la pili. Mke wake alikuwa mpima ardhi, na wakati huo alikuwa porini na darubini zake akipima njia ya bomba la maji. Nyumbani alikuwa amebaki Sukari na mama mkwe, aliyekuja kukaa kwao kwa ajili ya matibabu ya magoti.

Tangu aoe, mazungumzo yote ya Sukari na mama mkwe yangeweza kuandikwa kwenye kiganja. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hujambo?" "Sijambo mama." Kisha mmoja wao hukumbuka kitu jikoni. Si kwamba walichukiana, la hasha. Sukari alimheshimu mno hata hakujua aanzie wapi. Mama huyo alikuwa mwalimu wa michezo maisha yake yote, kocha wa timu ya netiboli ya wasichana, mwenye sauti ya kufika goli la pili bila kipaza sauti. Lakini tangu astaafu na magoti yamgomee, alikuwa ametulia tuli. Alikaa dirishani na chupa ya chai, akitazama watu wakipita, na sauti ile ikawa ya kuombea chumvi tu.

Asubuhi ya kazi Sukari alivaa ovaroli ya zamani, akainua Mjerumani kwa jeki chini ya banda la bati nyuma ya nyumba, akaliweka juu ya stendi, akatoa gurudumu. Kisha akagundua kwamba ovaroli ilikuwa imepasuka sehemu ya makalio, mpasuko wa haja, na kwamba dirisha la mama mkwe linatazama bandani. Ikawa kila anapotaka kugeuka anazunguka kinyumenyume kama kaa, mgongo ukutani, spana mkononi.

Bolti ya kwanza ilikataa. Akaimwagia mafuta ya kulainisha kutu, akasubiri, akarudi. Ikakataa. Akaigonga kwa nyundo, akaisemesha, akaitukana kwa sauti ya chini. Ikamtazama tu.

"Unasukuma kwa mgongo!"

Sukari nusura agonge kichwa kwenye bodi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na fimbo yake.

"Shikamoo mama."

"Tulishaamkiana. Nimekutazama tangu asubuhi nikajizuia, sasa nimeshindwa. Unasukuma kwa mgongo, kesho utashindwa kuinuka kitandani. Nguvu ziko miguuni. Tena hiyo spana fupi mno. Hakuna bomba?"

Bomba lilikuwepo. Walilichomeka kwenye mpini wa spana likawa mkono mrefu. Sukari akasukuma kwa miguu kama alivyoelekezwa. Bolti kimya. Mama mkwe akaiweka fimbo pembeni, akasogea, akashika ncha ya bomba.

"Mama, acha, magoti yako."

"Nafanya kazi kwa kilo, siyo kwa magoti. Nikihesabu tatu. Moja, mbili, haya!"

Bolti ikalia "ka!" kama mfupa, bomba likashuka, na mtu na mama mkwe wake wakaangukia magunia matupu ya unga yaliyorundikwa ukutani. Vumbi jeupe likapanda. Sukari alikuwa anajiuliza atamweleza nini mkewe, kwamba amemvunja mama yake? Ndipo akasikia sauti ya kukwaruza, ikapanda, ikajaa banda zima. Mama mkwe alikuwa anacheka, uso umepakaa unga mpaka nyusi.

"Imefunguka?" akauliza.

"Imefunguka mama."

"Basi nyingine iko wapi? Na kabla ya hapo, mwanangu, nenda ukavae suruali. Nimevumilia vya kutosha."

Tangu dakika hiyo kazi ilikuwa ya watu wawili. Mama mkwe aliletewa kiti cha plastiki na mto, akakaa kando ya gurudumu kama refa, akishika tochi na kupanga bolti kwenye trei za keki kwa mpangilio zilivyotoka. Wakati wa kubana springi alimfanya Sukari azungushe nati upande huu kidogo, upande ule kidogo, na asimame ubavuni, siyo mbele. Akisahau, filimbi. Ndiyo, alikuwa ameitoa filimbi yake ya zamani kwenye mkoba. Majirani walichungulia juu ya ukuta kuona nani anafanya mazoezi.

Na katikati ya kazi wakazungumza. Mtu akilala chini ya gari haonwi uso, na hilo liliwafungua midomo wote wawili. Sukari alimweleza jinsi baba yake alivyonuna aliposikia mwanawe wa kiume anataka kupika keki. Mama mkwe alimweleza kuhusu fainali waliyoshindwa kwa goli moja, na jinsi mchezaji aliyekosa goli hilo bado anampigia simu kila sikukuu ya kuzaliwa. Siku nyingine alisema, kama anayejisemea, "Unajua kustaafu kitu kibaya ni nini? Hakuna anayekosea mbele yako ukamrekebisha." Sukari, chini ya gari, akafunga bolti makusudi kinyumenyume. Filimbi ikalia.

Sasa ikaja habari ya vifaa vipya. Shemeji yake Sukari, mdogo wa mkewe, alikuwa kijana wa duka la vipuri, na moyo wake wote ulikuwa kwenye magari ya mbio. Alifika na maboksi, macho yanang'aa.

"Shem, hizi springi ni za michezo. Fupi, ngumu. Gari litakaa chini kama chui, likamate lami kama mjusi ukutani! Na shokapu zake hizi nyekundu. Ukipita hapa mtaani, watu watatoka ndani."

Sukari alizishika. Zilipendeza, nyekundu kama sukari ya kupambia keki ya sherehe. Akaingia mkenge. Walizifunga zote, mbele na nyuma, na bushi mpya wakazikaza gari likiwa bado limening'inia juu ya stendi. Lilipotua chini, kweli lilikuwa kama chui. Shemeji alipiga picha kutoka kila upande.

"Haya, twende tukalijaribu," akasema mama mkwe.

"Na keki?" Sukari akauliza.

"Na keki. Na mimi nyuma. Leo mimi ndiye keki."

Wakaweka keki tupu isiyopambwa kwenye sinia, mama mkwe akakaa kiti cha nyuma nayo mapajani, mkanda umefungwa. Sukari akaelekea kwenye tuta la chekechea. Safari hii gari halikuyumba hata chembe. Lilipiga tuta kama ubao. Kila jiwe dogo njiani lilipanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo. Waliporudi, keki ilikuwa na ufa kuanzia ukingo hadi ukingo, na mama mkwe alikuwa ameshika shavu.

"Toa taarifa, mama," shemeji akasema kwa matumaini.

"Taarifa ni kwamba nimejiuma ulimi. Keki imepasuka. Na wewe, mwanangu wa kumzaa mwenyewe, nikipata nguvu nitakukimbiza uwanja mzima."

Sukari alimpigia fundi simu. Fundi alicheka mpaka akaomba aweke simu chini, mkono unamuuma.

"Springi za michezo ni za mtu anayekata kona kwa kasi. Wewe unakata kona na keki? Chukua springi za urefu wa kiwandani, zile za gari linalobeba mzigo, na shokapu za gesi zilizo laini mwanzoni. Laini, lakini nzima. Na umekaza vipi bushi?"

"Gari likiwa juu."

"Ala! Raba imejikunja, hiyo itachanika upesi. Bolti za bushi unazishika tu gari likiwa juu, unakuja kuzikaza mwisho likiwa limesimama kwa uzito wake."

Sukari alikata simu akaketi juu ya gurudumu. Kazi yote ile, irudiwe tangu mwanzo. Alitaka kusema wakodi gari la mtu, yaishe. Mama mkwe alimwacha akae kidogo, kisha akampa kikombe cha chai.

"Kipindi cha kwanza tumefungwa," akasema. "Sasa tunajua wanavyocheza."

Shemeji, aibu imemjaa, alibadilisha vifaa dukani na kuzichukua zile nyekundu kwa ajili ya gari lake mwenyewe. Na kazi ya pili ilikwenda kama maji. Bolti zilikuwa safi na zimepakwa grisi, mikono ilishajua njia. Mara nyingine Sukari alinyoosha mkono kutoka chini ya gari bila kusema kitu, na spana aliyoitaka ikatua kiganjani.

Ilipofika hatua ya kukaza bushi gari likiwa limesimama, waliendesha Mjerumani juu ya mbao nene ili kupata nafasi ya mtu kupenya chini. Bolti moja ilikuwa pembeni sana, Sukari hakuweza kushika nati na kuzungusha bolti kwa pamoja. Mama mkwe akaagiza godoro la zamani, akalala chali kando ya gari, akaingiza mikono na kichwa.

Mke wa Sukari alirudi mchana huo bila kutoa taarifa, buti zimejaa tope, begi mgongoni. Aligonga mlango wa mbele, hakuna mtu. Akazunguka nyuma. Akaona miguu minne imetokeza ubavuni mwa gari. Miwili aliijua kwa unene. Miwili mingine ilikuwa na soksi za sufu alizomnunulia mama yake kwa ajili ya baridi ya magoti.

"Mama?"

"Usinisemeshe, nimeshika nati!" ikajibu sauti ambayo alikuwa hajaisikia tangu akiwa shuleni. "Sukari, kaza! Usilegee, kaza! Bado! Haya, pumzika."

"Imekaza, Kocha," akasema Sukari.

Mpima ardhi aliweka begi chini polepole. Kocha? Alipoondoka, mumewe alikuwa hawezi kumwomba mama huyo ampishe mlangoni bila kukohoa kwanza. Walipotoka chini ya gari wakiwa weusi kwa grisi, alianza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye magunia. Jioni, walipobaki wawili jikoni, alimshika mumewe mkono.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Mimi? Yeye ndiye amenifanya. Sijawahi kufokewa hivi maishani."

"Na sijawahi kumwona hivi tangu astaafu," mkewe akasema, macho yakimlengalenga. "Endelea kukosea, mume wangu."

Baada ya kupeleka gari likanyooshwe magurudumu kwenye mashine, ikafika siku ya harusi ya kilimani. Keki ilisimama ghorofa tano, nyeupe, na maua ya sukari yakiteremka upande mmoja. Ilipakiwa kwa vipande viwili na ghorofa tatu za chini zikiwa tayari zimeshikamana. Mke wa Sukari alikaa mbele. Mama mkwe alikaa nyuma, shingo ameigeuza kutazama mzigo, filimbi mdomoni kwa dharura.

Lami ikaisha. Shimo la kwanza lilikuwa pana kama beseni la kufulia. Sukari alilisogelea roho juu juu. Mjerumani akainamisha gurudumu ndani, akalitoa, na mwili wake ukabaki umetulia kama mama aliyebeba mtoto aliyelala. Hakuna gudum. Hakuna debe la misumari. Shimo la pili likaja, na mtaro, na mawe. Sukari alisikiliza kwa masikio yote mawili na hakusikia kitu ila mwendo wa magurudumu.

"Kocha, vipi huko?"

Akatazama kwenye kioo. Mama mkwe alikuwa ametoa filimbi mdomoni.

"Ua moja limetikisika," akasema. "Likarudi mahali pake."

Mkewe akapiga kelele ya furaha, Sukari akapiga usukani kwa kiganja, na hao wakapanda kilima wakiongea wote kwa pamoja. Mpishi wa hoteli alitoka kuwapokea, akaizunguka keki, akauliza wamepita barabara gani, maana mayai yake ya asubuhi yalifika yamegeuka kimanda. Mama mkwe ndiye aliyemjibu, tena kwa kirefu, akimweleza habari za springi za mzigo na shokapu za gesi mpaka mpishi akasahau sufuria jikoni.

Magoti yalipopata nafuu, mama mkwe alirudi kwake. Sukari alimsindikiza hadi mlangoni pake, wakasimama hapo wakiwa hawana la kusema, kama zamani, ila sasa kwa sababu nyingine. Nyumba ikawa kubwa. Wakati wa kubadilisha oili ya Mjerumani ulipofika, aliifanya kazi peke yake vizuri tu, na hakuifurahia.

Kisha asubuhi moja, akiwa anapiga mayai na sukari kwenye bakuli, simu ikaita.

"Sukari! Uko wapi?"

"Shikamoo Kocha. Niko jikoni."

"Marahaba. Nimenunua gari. Dogo, la Kijerumani, la mwalimu mwenzangu wa zamani. Anasema lilikuwa linakaa bandani tu."

"Hongera mama! Ni zima?"

Upande wa pili ukasikika mlio. Alikuwa ameishusha simu karibu na gurudumu na kulitikisa gari kwa nguvu. Kodo, kodo, kodo.

"Hiyo ni nini?" akauliza mama mkwe, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hata hakujaribu kuificha.

"Boljointi, kile kiungo cha gurudumu, mbele kushoto," akasema Sukari, mkono mmoja tayari unafungua aproni. "Usiliendeshe. Nakuja na jeki."

"Njoo na mke wako atushikie tochi," akasema mama mkwe. "Lakini mwambie kabisa, mimi ndiye kocha."